Nilipima dari isiyo yenyewe

Majibu ya maabara yalikuwa ukurasa mmoja. Juu palikuwa na namba ya sampuli, chini yake maelezo mafupi ya kitu chenyewe, "bodi ngumu ya kijivu", na mwisho mstari ambao macho yangu yaliurukia kabla sijasoma kingine chochote: asbesto, yale madini ya nyuzi ambayo vumbi lake huleta saratani, haikuonekana. Palepale nikampigia fundi simu, nikamwambia aje kesho yake na vifaa vyake vyote.

Simu ile ndiyo ninayoijutia kuliko yote katika habari hii. Sampuli niliichukua vizuri, na maabara ilifanya kazi yake vizuri. Jibu lilikuwa la kweli kabisa. Ila halikuwa jibu la dari niliyotaka kuikata.

Nyumba yetu ilijengwa mwaka 1971, na mimi ni mmiliki wa nne. Nilitaka taa za kuzama kwenye dari ya sebule, sita, tatu kila upande. Kwa hiyo matundu sita. Fundi wangu ni mtu mzima, amepanda madari ya watu tangu mimi niko shule. Alipokuja kupima, alipanda ngazi, akagonga dari kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kidogo kama mtu anayenunua chungu.

"Dada, bodi hizi za zamani. Sikia zinavyolia. Kama sahani."

Hakusema neno asbesto. Nililisema mimi usiku ule, peke yangu, nikiwa nimelala nimeiangalia hiyo dari.

Jambo la kwanza nililolifanya ni kuangalia mwaka, na hapo nikajifunza kwamba mwaka hukupa wasiwasi lakini haukupi jibu. Iceland ilipiga marufuku asbesto mwaka 1983. Uingereza iliondoa aina zinazoitwa ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, lakini ile iitwayo nyeupe ikaendelea hadi 1999. Australia ilifunga mlango mwisho wa 2003, Umoja wa Ulaya 2005, Afrika Kusini 2008, Kanada 2018. Marekani ilipitisha marufuku ya asbesto nyeupe mwaka 2024 tu. Nyumba ya 1971 imeangukia katikati ya miaka ambayo dunia ilikuwa inaichimba na kuitumia kuliko wakati mwingine wowote. Maana yake inaweza kuwemo, au isiwemo. Na hata nyumba ambayo haikuwa nayo siku ya kujengwa inaweza kuwa iliipata baadaye kwa fundi aliyekuja kuziba kiraka.

Na mtu asiwalaumu sana waliojenga. Jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake kitu kisichozimika. Ni jiwe linalochambuka kuwa nyuzi. Haliungui, haliozi, halishiki kutu, na ukichanganya kidogo tu kwenye saruji unapata karatasi nyembamba, nyepesi, ngumu, ya bei nafuu. Ukiwa mjenzi wa wakati ule ungeiacha kwa sababu gani?

Mdogo wangu aliposikia, alicheka. Yeye ana kipimo chake, alisema, wala hakihitaji maabara. Alichukua kipande kilichokuwa kimedondoka miaka mingi nyuma pembeni mwa mlango wa stoo, akawasha kiberiti cha gesi, akakishikilia juu ya moto. Hakikuungua.

"Umeona? Ndiyo yenyewe."

Nilimpenda kwa kujiamini kwake, lakini saruji tupu pia haiungui. Jasi haiungui. Pamba ya glasi huyeyuka na kujikunja, haitoi ndimi za moto. Kitu kutoshika moto hakithibitishi chochote, na wakati huohuo wewe umekishika mkononi na kukipumulia. (Baadaye, tulipojua mambo yalivyokuwa, kipande kile kiligeuka kuwa hakina kitu. Alikosea kote kote na bado hataki kukubali.)

Macho nayo hayasaidii. Nilidhani asbesto nyeupe itaonekana nyeupe na ya buluu itaonekana buluu. Hayo ni majina ya madini tu: nyeupe ni krisotili, kahawia ni amosaiti, buluu ni krosidolaiti. Yakishachanganywa na saruji na kupakwa rangi mara tano, vyote ni kijivu. Uzi mmoja unaofika ndani ya pafu huwa na unene usiofika mikromita 3, wakati unywele wa kichwani mwako ni kama mikromita 70. Hata ukiuona ule ulio mnene, hujui kama ni asbesto, ni nyuzi za mimea, au ni glasi.

Wa maabara hutumia hadubini yenye mwanga maalumu, mwanga uliochujwa ukatikisika upande mmoja tu. Wanachomoa uzi kutoka kwenye sampuli, wanauzamisha kwenye tone la kimiminika kinachopinda mwanga kwa kiwango kinachojulikana, kisha wanauzungusha na kutazama rangi inavyobadilika. Kila aina ya asbesto ina rangi zake na namna yake ya kufifia. Krisotili imejipindapinda kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta. Zile nyingine zimenyooka kama sindano. Kwa hiyo hakuna kipimo cha nyumbani, hata kama sanduku limeandikwa hivyo. Unachonunua ni mifuko, glovu, fomu na anwani. Swali la kujifanyia mwenyewe ni swali la nani akate kipande, basi.

Nikasema nitakata mimi.

Kwanza nilihakikisha ninaruhusiwa. Hili hutofautiana: kuna mahali mwenye nyumba anaruhusiwa kuchukua sampuli kwenye nyumba anayoishi mwenyewe, na kuna mahali sheria inataka mtu mwenye leseni. Nyumba ya kupangisha au yenye wafanyakazi ndani yake mara nyingi ina sheria zake nyingine kabisa. Mimi niliruhusiwa. Sanduku likaja. Barakoa iliyokuwemo ilikuwa ya karatasi yenye mpira mmoja, ile ya kupakia rangi. Niliitupa, nikatafuta ya daraja la FFP3, inayobana uso pande zote. Ndevu huiharibu kazi yake, kwa hiyo mdogo wangu alijiondoa mwenyewe kwenye shughuli, na furaha ilimjaa.

Nikachagua stoo. Nieleze nilivyofikiri, kwa sababu wakati ule niliona nina akili nyingi. Stoo ni ndogo. Ina mlango unaofungika. Hakuna anayelala humo. Na pembe ya dari yake ilikuwa tayari imevunjika, kwa hiyo sikuhitaji kutoboa kitu kizima. Kila sababu niliyokuwa nayo ilihusu urahisi wangu mimi. Hata moja haikuhusu dari ya sebule. Rangi ilikuwa ileile, ukubwa wa bodi uleule, vipande vya mbao vya kufunika maungio vilevile. Nikaona ni dari moja.

Nilitoa kila kitu, nikatandika nailoni sakafuni na kuibandika ukutani kwa selotepu. Feni nilizima. Nilijaza maji kwenye chupa ya kupulizia, nikaweka tone la sabuni ya maji ili maji yapenye badala ya kuteleza juu, nikapuliza pale penye pembe hadi pakaanza kudondosha. Nikasubiri. Nikapuliza tena. Halafu kwa koleo nikamega kipande cha ukubwa wa kidole gumba, polepole, mkono mmoja unamega na mwingine unaendelea kupuliza. Kilitoka na sauti ndogo kavu, tak, na kwenye mvunjiko palionekana pakavu ndani kabisa, kwa sababu maji hayakufika. Nikapuliza hapo upesi. Kipande kikaingia mfuko wa kwanza, nikaufunga, nikaufuta kwa nje kwa kitambaa chenye maji, nikautia mfuko wa pili, nikaandika tarehe na mahali. Pale nilipomega nikapaziba kwa rangi nzito. Nikafuta koleo, nikafuta ngazi, nikakunja nailoni kwa ndani pamoja na vitambaa na glovu, vyote mfukoni. Barakoa niliivua mwisho, nikiwa nje.

Mkono ulitetemeka kidogo, lakini kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mtu mwenye subira anaiweza. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema kuchukua sampuli mwenyewe ni wazimu, kwa vitu vigumu, vizima, vilivyoshikana na saruji. Huko sikupata hasara.

Majibu yakaja. Fundi akaja.

Siku hiyo palikuwa na joto, tukawasha feni ya sebuleni ili aweze kufanya kazi. Naomba uisome tena sentensi hiyo, kwa sababu mimi nimeirudia kichwani mara nyingi. Alitoboa tundu la kwanza kwa drili yenye msumeno wa duara. Vumbi lilishuka kama unga kwenye chekecheo, likamjaa nyusi na mabega, feni ikalichukua ikalitawanya kote. Alikuwa amefunga kitambaa puani. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika taa. Akatoboa la pili, duara la bodi likamdondokea kiganjani, akanipa bila kutazama.

Niliugeuza mkono. Nyuma ya kile kipande palikuwa na mikwaruzo kama ya turubai, na kwenye ukingo uliokatwa palisimama vinyweleo, vifupi, vya kijivu, kama kamba ya katani iliyochakaa. Kipande cha stoo hakikuwa hivyo. Kile nilichokimega mwenyewe kilivunjika kwa unga tu, bila kinyweleo hata kimoja.

"Shuka," nilimwambia fundi.

"Dada, bado manne."

"Shuka, mzee wangu. Zima hilo feni."

Nilivaa barakoa yangu, nikachukua tochi, nikapanda stoo na kuchungulia juu ya dari kupitia ile pembe iliyovunjika. Mgongo wa bodi ulikuwa laini, na juu yake, kwa herufi zilizofifia, kiwanda kilikuwa kimechapa kwamba haina asbesto. Paa la stoo liliwahi kuvuja. Mmoja wa waliokuwa na nyumba kabla yangu alibadilisha bodi zote za chumba hicho, akachagua za ukubwa uleule, akapaka rangi ileile. Fundi hodari yule. Kiraka hakikuonekana.

Tulichokifanya kuanzia hapo kilikuwa sahihi kwa kiasi fulani. Fundi aliunyakua ufagio kwa mazoea na nikamzuia, maana kufagia pakavu au kutumia kifyonza vumbi cha kawaida ni kulirudisha vumbi hewani, kifyonza hicho kichujio chake hakizuii nyuzi nyembamba hivyo. Tulitoka, tukafunga mlango, tukaziba uwazi wa chini kwa taulo lililolowa. Nguo zetu zikaingia mfukoni palepale, zikiwa zimelowanishwa, hazikupita kwenye mashine ya kufulia. Tukaoga. Kile kipande cha duara nilikipeleka maabara ileile. Kikarudi na mstari tofauti: krisotili, makadirio asilimia 12.

Safari hii nikamwita mkaguzi.

Nilitegemea mtu wa mashine. Saa nzima ya kwanza hakutoa kifaa chochote mfukoni. Alitembea na daftari akiniuliza maswali ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Chumba hiki kilirekebishwa lini? Huu ukuta ulikuwepo tangu mwanzo? Paa liliwahi kuvuja wapi? Kwa nini mbao za kufunika maungio huku zina misumari ya kichwa bapa na kule zina ya kichwa kidogo? Hilo la misumari liliniuma. Ilikuwa juu ya kichwa changu miaka yote: stoo misumari mipya, sebule na vyumba viwili misumari ya zamani, iliyopigwa na mtu mwingine wakati mwingine.

Alinieleza kwamba kabla ya kukata chochote huigawa nyumba katika maeneo ya kitu kimoja: vitu vilivyofanana kwa sura, vilivyowekwa wakati mmoja, na mkono mmoja. Ukishindwa kuthibitisha mojawapo, hayo ni maeneo mawili. Na kila eneo hulichukulia zaidi ya sampuli moja, kwa sababu nyuzi hazikukorogwa sawasawa kama sukari kwenye maji. Kanuni za Marekani kwa majengo ya shule, kwa mfano, zinataka kwa rangi nzito na plasta za kupulizia sampuli 3 kwa eneo lisilozidi futi za mraba 1,000, ambazo ni kama mita za mraba 93, sampuli 5 hadi futi 5,000, na 7 zaidi ya hapo. Mimi nilichukua moja. Kwa nyumba nzima. Stoo.

Kisha akaenda pale ambapo sikuwa na shida napo kabisa. Ukumbini tuna zulia la plastiki, na nilikwisha kupanga kulibandua mwakani na kusugua sakafu kwa mashine. Aliinua pembe yake. Chini kulikuwa na vigae vya zamani vya plastiki, vya sentimita 23 kwa 23, na chini ya vigae gundi nyeusi kama lami.

"Ukubwa huu," alisema, "hunifanya nipige magoti."

Kipimo hicho, inchi 9 kwa 9, ni cha kawaida sana kwa vigae vilivyotiwa asbesto. Gundi nayo ilitiwa mara nyingi, kwa hiyo maabara hupima kigae peke yake na gundi peke yake. Na vigae vina tatizo lao: nyuzi zilisagwa laini mno na kuzamishwa ndani ya plastiki, hadubini ya kawaida huweza kuzikosa. Jibu la "haikuonekana" kwa kigae mara nyingine linahitaji kurudiwa kwa hadubini ya elektroni. Chetu hakikuhitaji. Kigae kilikuwa nayo, na gundi ilikuwa nayo. Mashine ya kusugua niliyokuwa nimeiweka akilini ingefanya kazi mbaya kuliko matundu mawili ya dari.

Kitu alichokiogopa zaidi, hata hivyo, kilikuwa bomba la maji moto nyuma ya tangi, lililovikwa kitu cheupe chenye kubomokabomoka. Hapo hakuniruhusu hata kusogea. Bodi ya saruji huzishika nyuzi zake mpaka uivunje. Kile kilichovikwa mabomba huzitoa kwa kuguswa tu, na wakati mwingine nusu yake au zaidi ni asbesto tupu. Alivaa mavazi kamili, akatuondoa wote, akachukua sampuli kwa bomba jembamba la kudunga huku akipuliza maji. Majibu: plasta na pamba ya glasi. Hakuna kitu. Alicheka kuliko mimi.

Nilimwomba apime hewa ya sebule. Nilikuwa nataka namba, namba ya kunituliza. Hakukataa, ila alinieleza kwanza atakachokipata. Kipimo cha kawaida cha hewa huhesabu nyuzi zote za umbo fulani zilizonaswa kwenye kichujio, hata za zulia na za nguo yangu. Na hewa ya leo haisemi lolote kuhusu siku feni ilipokuwa inazunguka. Kinafaa baada ya usafi, pamoja na jicho la mtu anayekagua kila kona, kuhakikisha chumba kiko chini ya kiwango. Uingereza hutumia nyuzi 0.01 kwa mililita kama alama ya kuruhusu watu kurudi. Basi tulifanya hivyo, baada ya wasafishaji kumaliza. Wasafishaji, niongeze, hawakuwa watu wake, na yeye mwenyewe ndiye aliyesisitiza wasiwe. Anayepima akiwa ndiye anayelipwa kubomoa, asbesto huonekana kila mahali.

Kwa daktari nilienda na fundi. Nilitaka tupigwe picha ya kifua, tuambiwe tumepona au tumeumia. Daktari alitueleza kwa upole kwamba picha ya leo itakuwa picha ya mapafu ya jana. Magonjwa haya, kovu la mapafu linaloitwa asbestosi, saratani ya mapafu, na mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, huchukua miaka 20, 30, hata 40 na zaidi kujitokeza. Hatari huongezeka kwa kadiri ya vumbi na miaka, na dakika kumi za vumbi si miaka kumi ya vumbi. Lakini hakutuambia kuna kiasi kisicho na hatari, kwa sababu hakijulikani. Aliandika tarehe kwenye mafaili yetu. Kisha akamgeukia fundi.

"Unavuta sigara, mzee?"

Fundi aliangalia mikono yake.

Hapo ndipo daktari alipoacha upole. Mwaka 1968 Irving Selikoff na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa wafanyakazi wa Marekani waliokuwa wakivika mabomba asbesto, na wakaonyesha kwamba sigara na asbesto vikikutana, hatari ya saratani ya mapafu huwa kubwa kuliko ukivijumlisha tu. Fundi hajatoboa dari yangu peke yake. Ametoboa madari miaka zaidi ya thelathini, amefunga kitambaa puani. Kwangu ni tukio. Kwake ni kazi. Nilimlipa siku ile na nyingine mbili ambazo hakufanya kazi, na bado nilihisi nimemdhulumu.

Na kuna wale wanaoniambia: wazazi wetu wameishi chini ya hizo bodi miaka hamsini, mbona wazima? Ni hoja nzuri kuliko inavyoonekana. Bodi nzima, iliyopakwa rangi, isiyoguswa, kwa kweli haitoi vumbi la maana, na ndiyo sababu ushauri wa kwanza wa mkaguzi kwa vyumba vyetu viwili vya kulala ulikuwa kuacha. Pakeni rangi, msining'inize kitu, mkague kila mwaka. Lakini wanaosema hivyo huongeza kwamba ugonjwa huu ni wa wachimbaji tu, na hapo nakataa. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake walieleza wagonjwa 33 wa mesothelioma huko Afrika Kusini, kwenye eneo la machimbo ya asbesto ya buluu, na wengi wao hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wameishi karibu tu, wengine utotoni.

Watu huniuliza, basi, nichukue sampuli mwenyewe au nisichukue? Sina jibu moja. Kama una kitu kimoja, kigumu, kizima, na sheria inakuruhusu, na maabara uliyoichagua imeidhinishwa kwa kipimo hicho hicho, chukua. Lowanisha, mega kidogo, funga mifuko miwili. Lakini uliza swali moja kwa kitu kimoja, na jibu lake lisivuke kwenda chumba cha pili. Kitu laini, kinachobonyea au kubomoka kwa ukucha, kiache. Zile chembe za kumetameta zinazomwagwa juu ya dari kuzuia joto, vemikulaiti, ziache pia. Nyingi zilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliokuwa na asbesto ndani yake, na mamlaka za huko Marekani huwaambia watu wachukulie tu kwamba imo, kwa sababu sampuli safi haimaanishi kitu.

Na kama unabomoa zaidi ya sehemu moja, mlipe mtu aje kutazama. Mimi nilidhani nalipia kisu chake. Nililipia yale maswali ya misumari.

Kuna njia nyingine ambayo hakuna anayeiuza: kutopima kabisa. Chukulia kwamba imo, na usiiguse. Kama ningekubali kuishi bila taa za kuzama, dari ya sebule ingekuwa salama leo bila hata sampuli moja. Nilipomwambia mkaguzi hivyo, alisema ndiyo ushauri anaoutoa mara nyingi kuliko wote, na ndio ambao watu hukasirika kuulipia.

Matundu mawili ya sebule yamezibwa kwa bamba za duara nyeupe, na ukumbini tumetandika sakafu mpya juu ya ile ya zamani bila kubandua kitu. Mkaguzi alituachia mchoro wa nyumba, kila chumba na alama zake, nimeubandika ndani ya mlango wa kabati la umeme, mahali ambapo fundi yeyote lazima apafungue kabla hajaanza kazi.

Mwezi uliopita fundi alirudi kuweka taa za ukutani. Alipanga vifaa vyake, akapima, akaweka alama ya penseli, akachukua drili. Halafu akaishusha.

"Dada, ukuta huu nao umepimwa?"

Nilimfungulia kabati. Aliusoma mchoro wote, hata vyumba ambavyo hakuwa na kazi navyo, kidole kikifuata mistari. Akarudi, akatoa barakoa mpya mfukoni, akaibana usoni kwa mikono miwili kama alivyoonyeshwa, ndipo akawasha drili.